Jina la Nani Liko Kwenye Fomu?

Wasikilizaji wa Musoma, Bunda na Butiama, jioni hii nina maneno na kundi moja: wale ambao picha zao za harusi bado zinazunguka kwenye simu za watu, zawadi nyingine bado ziko ndani ya makaratasi yake, na mama mkwe bado anapiga simu kila asubuhi kuuliza mmeamkaje. Wengine karibuni msikilize, hasa ninyi mliokaa kwenye kamati.

Kamati za harusi zetu nazivulia kofia. Kijana anatangaza nia, na kabla ya wiki kwisha kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina na daftari la ahadi. Kadi ya singo ina bei yake, ya dabo ina bei yake. Aliyeko Dar es Salaam anatuma, aliyeko machimboni Buhemba anatuma, shemeji wa Mwanza anakumbushwa mpaka anatuma. Ukumbi unalipwa, mpambaji analipwa, mshereheshaji analipwa hata kama vichekesho vyake tumevisikia harusi tatu mfululizo. Katika vikao vyote hivyo sijasikia mjumbe akinyoosha mkono na kuuliza: huyu binti tunayemleta kwenye ukoo, jina lake litaandikwa wapi?

Ndiyo habari yangu ya leo. Watu wakisikia neno bima wanafikiria kampuni, kisha bei. Kwa wanandoa wapya wa mkoa huu mimi naanza na jina. Fedha ya bima ya maisha, mafao ya kazini, kadi ya matibabu, vyote hivi vinafuata jina lililoandikwa kwenye karatasi. Pasipo jina, vinaingia mikononi mwa ukoo, na ukoo una taratibu zake.

Tuzitazame taratibu hizo bila kupakana mafuta. Mwaka 1963 serikali ilichapisha Tangazo la Sheria za Mila kwa ajili ya jamii zinazohesabu ukoo kwa upande wa baba, kama zilivyo nyingi za huku kwetu. Humo imeandikwa kwamba mjane hana fungu katika mirathi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu la mjane ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Wajane wawili kutoka Shinyanga waliipeleka kanuni hiyo Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ikakiri kwamba inabagua, lakini ikakataa kuifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikaiambia Tanzania izirekebishe kanuni hizo. Kwenye vikao vya ukoo, lakini, wazee hawasubiri barua ya kamati hiyo kutoka Geneva. Wanakaa chini ya mti, wanaandika muhtasari, wanamteua msimamizi wa mirathi, kisha wanakwenda Mahakama ya Mwanzo.

Sasa mama wa miaka 60 mwenye watoto 5 wakubwa, mila inamwambia: wanao watakutunza. Anaweza kunung'unika, lakini angalau ana wa kumtazama. Je, bibi harusi wa miezi 8? Mtoto hana, au mtoto yuko tumboni. Kwa hesabu ya kanuni ile, huyu ndiye mtu mwenye mikono mitupu kuliko wote waliokaa msibani. Ameacha kwao, mahari imelipwa na kugawanywa, na kwa mumewe bado anaitwa mgeni. Halafu sisi tunasema bima ni habari ya watu wazima wenye mali nyingi. Vijana waliooana jana waachwe kwanza wale maisha!

Zamani jibu lilikuwapo. Mjane alirithiwa na ndugu wa marehemu, akabaki na shamba lake na paa lake, na watoto waliozaliwa waliitwa kwa jina la aliyekufa. Siwalaumu wazee waliotunga utaratibu ule. Kwa maisha ya ng'ombe na mtama ulifanya kazi. Lakini binti wa leo hataki kurithiwa, na shemeji wa leo anaishi chumba kimoja cha kupanga Nyasho, kodi yenyewe anailipa kwa kusukumwa. Utaratibu umekwisha, ila wengi hatujaweka kitu mahali pake.

Tuchukue mfano. Tuseme yupo kijana, fundi umeme aliyeajiriwa na kampuni hapa Musoma. Siku aliyoripoti kazini alipewa rundo la fomu. Alikuwa hajaoa. Penye nafasi ya mnufaika akaandika jina la kaka yake mkubwa, kwa sababu kaka ndiye aliyemsomesha. Si kosa, ni shukrani. Miaka 4 ikapita, kijana akaoa, ukumbi ukajaa, kaka huyo huyo akawa mwenyekiti wa kamati. Fomu ile iko ofisini kwenye jalada, haijaguswa. Ikitokea ajali juu ya nguzo, nani ataitwa? Kaka. Anaweza kuwa mtu mwema na akamkabidhi shemeji yake kila shilingi. Lakini atakuwa anatoa kwa wema, na wema una siku zake.

Kwa hiyo wewe uliyeoa au kuolewa mwaka huu, kazi yako ya kwanza haina gharama. Nenda ofisini, ingia kwa mtu wa rasilimali watu, omba uone kilichoandikwa kwa mkono wako. Kama ni mwanachama wa mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, uliza taarifa za wategemezi zinasemaje. Kama una bima ya maisha uliyouziwa ukiwa chuo na rafiki aliyekuwa anatafuta wateja, itoe kabatini uisome. Utashangaa unavyomkuta mtu ambaye siku hizi hamsalimiani.

Lakini jina la mwenza halisimami peke yake; linasimama na cheti cha ndoa. Na hapa tuna ugonjwa wetu. Wanaofunga kanisani na msikitini wanapewa cheti, wale wa bomani kwa mkuu wa wilaya wanapewa, hao sina neno nao, isipokuwa wakihifadhi. Wengi wetu, hata hivyo, tumeoana kimila: ng'ombe wamehesabiwa, wazee wamekunywa togwa au kilicho kikali zaidi ya hapo, binti amesindikizwa, basi. Wengine hawakufika hata huko; kijana alimtorosha binti usiku, mazungumzo ya mahari yakafuata baadaye kama deni la duka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya kimila, na inawataka wanandoa waombe isajiliwe ndani ya siku 30. Ndoa isiposajiliwa haibatiliki, ni halali. Shida ni kwamba dirishani mtu anauliza karatasi, na ng'ombe hawaingii dirishani kutoa ushahidi.

Kuna wanaojitetea kwamba wakikaa pamoja miaka 2 sheria inawahesabu mke na mume. Sheria hiyo hiyo ya 1971 kweli ina dhana ya namna hiyo, kwa watu waliokaa pamoja na kujulikana na majirani kuwa ni wanandoa. Ila ni dhana inayoweza kupingwa, na anayeamua ni hakimu. Ukifika kwenye bima au mfuko wa hifadhi ukawaambia tumeishi miaka 2 Bweri na jirani zetu wote wanajua, watakusikiliza kwa heshima na watakuelekeza mahakamani. Huko utakutana na shemeji zako na wakili wao. Kusajili ni rahisi kuliko hilo. Nendeni ofisi ya wilaya, kule wanakofanya kazi za RITA, wakala wa usajili, na vitambulisho vyenu na mashahidi wenu, wakati wote mnaohusika mko hai na mnapendana.

Tuje kwenye afya, maana hapa ndipo wanandoa wengi wanakutana na bima kwa mara ya kwanza, na ndipo ugomvi wa kwanza unapozaliwa.

Tuanze na mwajiriwa wa serikali, tuseme mwalimu wa shule ya msingi kule Bunda. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, tunaouita NHIF, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001. Mchango ni asilimia 6 ya mshahara, nusu anakatwa mwalimu, nusu anatoa mwajiri. Kadi inambeba yeye, mwenza wake, na wategemezi 4. Wategemezi hao ni watoto, au wazazi wake, au wazazi wa mwenza.

Piga hesabu. Mwalimu wetu ameoa binti anayeuza dagaa pale Mwigobero. Kabla ya harusi alikuwa amemwandika baba na mama yake, na alifanya vizuri, kwa maana mzee ana presha na mama ana sukari. Baada ya harusi mkewe anasema kwa upole, na baba yangu na mama yangu je, si wazazi wako pia? Kijana mwenye adabu anajibu ndiyo. Baba, mama, baba mkwe, mama mkwe. Nafasi 4 zimejaa. Mwaka unaofuata anazaliwa mtoto. Anaondolewa nani?

Nimewauliza watu swali hili mara nyingi na majibu yao yanachekesha na kusikitisha. Wapo wanaosema watamwondoa baba mkwe, kwa sababu yeye mwenyewe hataki kwenda hospitali. Wapo wanaosema mtoto asubiri kidogo, kabla ya miaka 5 matibabu yake si tatizo sana. Jamani! Mtoto mchanga wa kando ya ziwa, penye malaria, ndiye wa kusubiri? Ukweli ni kwamba jambo hili lilitakiwa lizungumzwe kabla ya kuandika jina la tatu. Acheni nafasi ya mtoto wazi hata kama hajatungwa mimba, au mkijaza, wazee wenyewe waambiwe mapema kwamba mjukuu akija mmoja atapisha. Wazee wetu wanaelewa wakiambiwa. Wasichokielewa ni kufika hospitali na kukuta jina limefutwa.

Kama nyote wawili ni waajiriwa, mmekwishapata nafuu ambayo wengi hawaitumii. Kila mmoja anakatwa, kwa hiyo kila mmoja ana nafasi zake 4. Kaeni mezani, kadi moja ibebe watoto, nyingine ibebe wazee. Nimeona wanandoa wanaotaka watoto wale wale waandikwe kwa baba na kwa mama, na bibi kule Butiama hana kadi kabisa.

Kabla sijasahau, wenye wake wawili na zaidi. Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, baba yake Mwalimu Nyerere, alikuwa na wake 22, na Mwalimu mwenyewe alizaliwa na mke wa tano, Bi Mgaya. Mlete Mzee Burito leo kwenye fomu ya watu 6! Sisemi kwa dhihaka. Ndoa ya wake wengi ni halali kwa sheria ya 1971, na nyumba za namna hiyo bado zipo huku kwetu, lakini karatasi nyingi za bima zimechorwa kwa nyumba ya baba mmoja, mama mmoja na watoto wachache. Binti unayeolewa mke wa pili, uliza mapema kadi ina jina la nani, na yako itatoka wapi. Swali hilo si utovu wa adabu. Na jirani zetu Wakurya wana nyumba ntobhu, mwanamke anamwoa mwanamke mwenzake ili nyumba ipate watoto. Hao sheria ya 1971 haiwaoni kabisa, kwa hiyo wao zaidi ya wote wanahitaji kuandika majina kwa kila njia nyingine inayowezekana.

Na asiye na mshahara, yaani wengi wenu mnaonisikiliza? Kuanzia 2018 tulikuwa na mfuko wa afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa: shilingi 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu 6, ukianzia zahanati na kupanda kwa rufaa mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa sisi wa Mara ngazi hiyo ya juu ni Kwangwa, ile hospitali ya kumbukumbu ya Mwalimu ambayo msingi wake ulianza miaka ya 1970 na sisi tukakua, tukaoa, tukazaa, jengo likiwa bado gofu. Sasa inatibu watu. Lakini kuna magonjwa yanayovuka Kwangwa kwenda Bugando, Mwanza, zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma, na kadi ile ya elfu 30 haikuwa na miguu ya kufika huko. Novemba 2023 Bunge likapitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayotaka kila mkazi awe na bima, na tangu hapo viwango na vifurushi vinapangwa upya. Ndiyo maana nasema, bei uliyoambiwa na jirani yako mwaka juzi usiibebe kama aya ya msahafu. Pita zahanati au ofisi ya NHIF, uliza ya leo, kisha uliza swali la pili ambalo watu hawaulizi: nikipewa rufaa ya Bugando, kadi hii inanifikisha?

Wanaonunua bima ya afya kwa hiari, msingoje mimba. Vifurushi vingi vya hiari vina muda wa kungoja kabla huduma fulani hazijaanza kulipwa, na uzazi ni mojawapo ya zinazongojewa kwa muda mrefu. Watu wanachukia sharti hili, wanaona wameibiwa. Lakini kumbukeni Toto Afya Kadi, ile ya shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Mwaka 2023 NHIF ilisitisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja, na maelezo yalikuwa kwamba wazazi walikuwa wanaleta watoto wakiwa tayari wagonjwa, wazima wanaachwa nyumbani. Mfuko ambao wagonjwa peke yao ndio wanaouchangia hauna wa kumlipia mwenzake. Kwa hiyo wiki ile ya harusi, hamna homa, hamna mimba, mna bahasha za zawadi: huo ndio wakati wenyewe. Mjomba anayetaka kuleta seti ya nne ya sufuria aambiwe kwa heshima kwamba sufuria zinatosha, kadi bado.

Sasa shughuli za kutafuta riziki. Hapa nitakwenda haraka, ila pikipiki lazima niisemee. Vijana wengi wanaoa wakiwa na pikipiki ya mkataba, hesabu inapelekwa kwa mwenye chombo kila siku. Ina stika ya bima, trafiki akiikagua anaridhika, na mke nyumbani anajua mume ana bima. Ile ni bima ndogo. Inamlipa uliyemgonga. Wewe dereva ukivunjika paja pale kona ya Kiabakari, bima ndogo haikujui, na pikipiki nayo haiijui. Bima kubwa inakitazama chombo. Inayokutazama wewe ni bima ya ajali binafsi, ambayo makampuni yanaiuza kwa mtu mmoja au kwa kikundi, na kikundi cha kijiwe kikienda pamoja kinasikilizwa kuliko mtu mmoja. Maneno hayo hayo yanawahusu wachimbaji wadogo wa Buhemba, na wavuvi. Julai 2023 mitumbwi ilizama Mchigondo, wilaya ya Bunda, watu wakitoka ibadani. Hawakuwa hata wavuvi kazini. Ziwa letu tunalijua.

Na tembo. Ninyi wa Kunzugu na vijiji vinavyopakana na Serengeti mnajua tembo akiingia shambani usiku mmoja anamaliza mwaka mzima. Kuna wanandoa wachanga wanaojipa moyo kwamba serikali italipa. Serikali inatoa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa mtu. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kufuatana na umbali wa shamba kutoka hifadhini, na shilingi milioni 1 kwa mtu aliyeuawa. Pigeni wenyewe mahesabu ya ekari moja ya pamba, mbegu, dawa na vibarua. Fedha ile ni pole, haikukusudiwa kurudisha ulichopoteza, na taratibu zake ni ndefu. Msiiweke kwenye bajeti ya ndoa kana kwamba ni bima.

Najua kuna mzee ananisikiliza hapo barazani, ameguna. Anasema bima ni wizi, yeye alikatwa miaka 20 akalipwa hela ya kununua kanga. Mzee huyo hasemi uongo. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, biashara yote ya bima iliwekwa chini ya Shirika la Bima la Taifa, na wafanyakazi wengi walikata bima za maisha zenye akiba ndani yake. Kisha ikaja miaka ya 1980 na mfumuko wa bei. Mwaka 1975 dola 1 ilikuwa kama shilingi 7. Mwaka 1996 ilikuwa imepita 500. Aliyeahidiwa shilingi 20,000 wakati ambapo ziliweza kujenga nyumba, alilipwa shilingi 20,000 zile zile, kamili, kwa mujibu wa mkataba. Mkataba uliheshimiwa, shilingi ndiyo iliyokimbia. Mwaka huo wa 1996 ndipo sheria mpya ikayafungulia mlango makampuni binafsi, na kwa sheria ya 2009 tukapata mamlaka ya usimamizi, TIRA.

Kutokana na kisa cha mzee huyo mimi nina msimamo, na mawakala wa bima wataninunia. Wanandoa wachanga wenye kipato kidogo wasianze na bima ya maisha yenye akiba ya miaka 15 au 20. Ada yake ni kubwa, na mwaka wa pili ukiyumba ukavunja mkataba unarudishiwa kidogo sana au hurudishiwi kitu. Tafuteni ile ya kinga tupu, ya muda maalumu: unalipa kidogo, ukifa ndani ya muda mwenzako analipwa, usipokufa fedha imekwenda na wewe uko hai, mshukuru Mungu. Akiba wekeni mahali pengine, penye riba au pale mnapoweza kupafikia, hata kwenye kikoba chenu kama kina viongozi waaminifu. Wakala akikuambia vitu viwili hivyo lazima viende pamoja, mwambie asante, akanywe chai.

Mwenye mkopo benki anayo bima tayari, pengine bila kujua. Walimu na manesi hapo mmekatwa. Ile inalipa salio la deni ukifariki. Mke au mume hapewi shilingi mkononi, lakini pia hafuatwi na afisa mikopo msibani, na hilo si dogo. Sharti ni kwamba ajue ipo, apeleke taarifa mapema na cheti cha kifo. Mikopo ya mitaani ya riba kubwa, tunayoiita kausha damu, haina kitu kama hicho. Pale marejesho yanamfuata mjane mpaka kwenye matanga. Wanandoa wapya wanaficha hayo madeni kuliko wanavyoficha wapenzi wa zamani. Yaleteni mezani.

Kuna atakayesema, sisi tuna chama chetu cha kufa na kuzikana, kinatosha. Navipenda vyama hivi, kuliko makampuni mengi. Mtu akifa Makoko saa 10 alfajiri, saa 2 asubuhi turubai limesimama, viti vimefika, na daftari linafunguliwa. Kampuni gani inaweza? Ila somo la daftari lile ni moja tu, mazishi. Siku ya arobaini turubai linarudi stoo na chama kimemaliza wajibu wake. Kodi ya nyumba ya mwezi wa tatu haimo. Na hata humo, wasikilizaji, angalieni: mwanachama ni mume, au ni mke, au ni wote wawili? Ukisoma katiba za vyama vingine, bibi harusi hahesabiwi mpaka atoe kiingilio chake. Kamalizeni hilo.

Mkidhulumiwa na kampuni, yaani mmelipa ada, tukio limetokea na madai yanazungushwa, anzeni kwa kampuni yenyewe kwa maandishi, kisha TIRA wana ofisi ya kanda pale Mwanza, na yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa kwa ajili ya mtu wa kawaida asiye na wakili. Wekeni stakabadhi zote. Na mkataba usikae kwa mmoja. Mwenzako ajue uko droo ipi, maana madai ya bima anayadai aliyebaki.

Limebaki swali moja, ambalo vijana wa kiume wananiuliza kwa sauti ya chini baada ya kipindi. Nikimwandika mke, mama yangu atanielewaje? Yeye ndiye aliyenizaa, na huyu nimemjua miaka 3. Fomu nyingi za wanufaika zina nafasi ya jina zaidi ya moja, na mbele ya kila jina kuna asilimia. Mama 30, mke 70. Au mama 50, mke 50 kama ndiyo unavyoweza kulala usingizi. Mtoto akizaliwa unarudi, unagawa upya, na unaandika mtu mzima atakayemshikia mpaka akue. Kisha unamwambia mama mwenyewe, ukiwa umekaa naye, kwamba jina lake lipo na la mkwewe lipo. Ofisi zinafunguliwa Jumatatu saa 1 na nusu; nenda na namba ya kitambulisho cha taifa ya NIDA, cheti cha ndoa na nakala yake, na picha mbili ndogo. Kubadilisha jina ni bure.